Washa Bluetooth, Usome

Anayedai kwamba mapenzi hayaanzi kwa ugomvi hajawahi kununua kitu soko kuu la Kisangani Jumamosi. Katika duka la Papa Hubert, lililojaa redio na nyaya mpaka mlangoni, mikono miwili ilishika boksi moja la Android, lile la kuungwa na televisheni. Mkono mmoja ulikuwa wa Kyakimwa, muuza vitenge mwenye ulimi mkali. Mwingine ulikuwa wa mwanaume mrefu, shati jeupe, pasi imepita vizuri.

"Tonton, nilishika wa kwanza," Kyakimwa alisema.

"Usiniite tonton, siko muzee."

"Bon. Kijana, chukua ile ingine." Alimwonyesha karton yenye maandishi ya dhahabu. "Iko na giga munane. Wameandika."

"Mbona wewe hauichukue?"

"Ku karton wanaandikaka yote. Niliomba Papa Hubert aiwashe, mpaka sasa anatafuta courant, ati umeme hakuna."

Mwanaume alicheka mpaka Papa Hubert akanuna.

Kyakimwa alitaka boksi kwa ajili ya nyumba yake mwenyewe. Ndiyo, yake: alikuwa amepanga mtaani Mangobo, bila mume, na baba yake bado alikuwa hajaimeza habari hiyo. Alitaka kukaa jioni, kuweka filamu, muziki na picha zake zote kwenye skrini moja, bila kumwomba mtu rimoti. Kuna ubaya gani?

"Nakuachia," mwanaume alisema, "lakini utanialika siku ya mechi."

"Kwangu haingii mutu sijui jina yake."

"Kasongo. Mwalimu wa jiografia."

"Sasa najua jina. Bado hauingii."

Hakuingia nyumbani, akaingia kwenye simu.

"Mwalimu, umekula?"

"Pondu na makemba."

"Bila mimi?"

"Bébé, sahani iko kubwa. Ni wewe uko mbali."

Kasongo alitoka Maniema na aliswali msikitini. Kyakimwa alikuwa Mnande wa Butembo, mwimbaji wa kwaya ya Wakatoliki. Watu walisema sana, nao waliwaacha waseme. Kasongo alipopata boksi kuukuu, Kyakimwa ndiye aliyemfundisha.

"Kila boksi iko na jina. Ukiwasha Bluetooth karibu yake, jina inatoka ku telefone yako, hata kama ukuta iko katikati."

"Kumbe boksi inajitangaza?"

"Kuliko wewe, chéri. Wewe hata kwa papa yangu unaogopa kufika."

Papa huyo, Papa Ambroise, alikuwa mfanyabiashara wa jumla, maharagwe na simenti. Habari za Kasongo zilipomfikia, alimwita binti yake.

"Mwalimu? Mutu hajauzaka hata kiberiti?" alisema. "Isaïe anakuja siku ya Mungu, na tonton yake. Watu ya Butembo, watu yetu. Utamuitikia."

"Nilishachagua, papa."

"Na mimi nilishasema."

Kyakimwa angeshinda vita hivyo mapema, kama si siku aliyokwenda Kabondo kumsalimia mama yake Kasongo. Alivaa libaya, blauzi yake ya kijani, na liputa mpya ya kitenge, harufu ya mafuta mazuri ikimtangulia. Alitaka kuwaonyesha Kasongo na mama yake video ya kwaya kwenye televisheni. Akafungua simu yake atafute boksi la Kasongo, na jina likatoka: *Chambre ya Falonne na Chéri*, chumba cha watu wawili.

"Falonne iko nani?" aliuliza polepole.

"Falonne? Iko mwalimu mwenzangu, lakini..."

"Lakini yako, ubaki nayo."

Aliacha chai ikifuka. Kasongo alipiga simu, Kyakimwa hakupokea. Alipopiga tena, Kyakimwa akaizuia namba yake kabisa. Moyo ulimuuma vibaya, na kwa uchungu huo akamwambia baba yake, "Wakuje." Hasira hasara, ila nani huikumbuka methali akiwa amekasirika?

Siku ya Mungu, yaani Jumapili, wageni walifika nyumbani kwa Papa Ambroise. Isaïe alivaa suti ya bluu, kijana mpole, asiye na kosa lolote ila kwamba hakuwa Kasongo. Zawadi yake ilikuwa boksi la Android, karton ya maandishi ya dhahabu.

"Kyakimwa," Papa Ambroise alisema, "wewe unajuaka hizi vitu. Iweke."

Alikuwa amepiga magoti nyuma ya televisheni, nyaya mkononi, simu ilipolia. Namba ngeni.

"Ni Kyakimwa? Mi Falonne, niko Bafwasende. Kasongo ameniomba nikuite ku telefone. Ile boksi nilimuuzia wakati nilifuata bwana yangu huku. Chéri ni bwana yangu, dada, usimuchukue. Mwalimu wako hajui hata kama jina ya boksi inabadilishwaka. Nilimuambia iko mujinga, akakubali."

Kyakimwa aliona aibu, kisha furaha, kisha vyote pamoja. Akamtafuta Kasongo kwa simu palepale.

"Uko wapi?" alinong'ona.

"Ku mulango ya parcelle yenu. Nilisikia habari ya wageni. Niliogopa kugonga."

"Na kama ningeitikia mwingine?"

"Ningegonga."

"Mwalimu, washa Bluetooth. Usome."

Televisheni iliwaka. Boksi liliuliza litaitwa nani, na Kyakimwa akaandika kwa rimoti, herufi moja moja, mbele ya wote. Tonton wa Isaïe alisoma kwa sauti, kama anasoma bei.

"Kyakimwa... na... Kasongo. Kasongo ni nani?"

"Bwana nilimuchagua," Kyakimwa alisema.

"Futa," Papa Ambroise alisema.

"Hapana, papa."

Mlango wa bati uligongwa nje. Papa Ambroise alisimama.

"Ukifungua ile mulango, mi siko tena papa yako."

Kyakimwa aliweka rimoti chini.

"Nitafungua. Na nitaendelea kukuita papa. Kama haupendi, usiitike."

Isaïe alikohoa kidogo. "Boksi ibaki," alisema, "imeshapata wenyewe. Mi nitarudi kwetu na karton tupu." Hata tonton wake alificha kicheko.

Kasongo alikuwa amesimama nje, shati jeupe limelowa jasho, simu mkononi.

"Nimesoma," alisema. "Kyakimwa, nataka kukuoa."

"Ni mimi nilitangulia kusema, mwalimu. Ingia."

Alimshika mkono, wakavuka uwanja, majirani wakichungulia juu ya ua. Kwenye mlango wa sebule Kyakimwa alisimama.

"Papa?"

Wageni waliangalia glasi zao.

"Papa, mugeni wangu amefika."

Papa Ambroise aliyaangalia yale majina kwenye skrini, akaliangalia shati lile, akamwangalia binti yake ambaye hakuinamisha macho wala hakuuachia ule mkono.

"Eee," aliitika.