Pacha wa Chiriku

Chiriku alikuwa anakatiza soko la vitambaa na jora la pazia begani, refu kama mlingoti wa bendera, mdomo ukiwa umetangulia mbele ya miguu kama kawaida yake. Muuza vifungo akamtania, naye akageuka amjibu. Jora nalo likageuka. Upande wa pili likamkuta kijana mmoja mwenye begi la nyaya, likamzoa mzima mzima na kumtia kwenye duka la masufuria. Waliokuwapo wanaapa kwamba masufuria yalilia mpaka viziwi wakageuka kutazama.

"Mama yangu!" Chiriku akalitupa jora chini. "Kaka, uko mzima?"

Kijana alikuwa amekaa sakafuni, mfuniko kichwani, nyaya zikimning'inia shingoni kama shanga za bibi harusi. "Nitajuaje? Sijawahi kufa nikalinganisha."

"Mwenye jibu kama hilo ni mzima. Inuka, unaharibu biashara ya watu."

"Unipige, halafu unigombeze?"

"Sasa ulitaka nikubembeleze hapa kwenye masufuria? Subiri tufike kivulini."

Walipofika kivulini walitazamana vizuri. Chiriku alivaa gauni la njano alilojishonea kwa vipande vilivyobaki vya mapazia, maua yake makubwa kama sahani. Kijana alivaa shati lililopigwa pasi mbele tu. Mgongoni lilikuwa limeachwa lijitegemee. Kabla jua halijafika utosini, Chiriku alikuwa ameshambatiza jina la Waya, ameshapata namba yake, na ameshamwambia kwamba mwanaume asiyejua kupiga pasi mgongoni anahitaji mtu wa kumwangalia kwa nyuma.

Jina la Chiriku alipewa utotoni kwa kosa la kutonyamaza, na kosa hilo ndilo lililolijenga duka la mapazia la mama yake. Watu waliingia kuuliza bei ya kamba wakatoka wamenunua mapazia ya nyumba ambayo hata msingi haujachimbwa. Kwa kila mteja alikuwa na neno lake: huyu "kipenzi changu", yule "bosi wa moyo wangu". Wasiofika dukani aliwaandikia kwenye simu, utani kwa utani. Hakuna mteja aliyewahi kuambiwa "hapana".

Waya alikuwa na kazi ngeni. Alizunguka kwenye maduka madogo, gereji na viwanda vya mikate akiwawekea akili mnemba, yaani mashine ya kwenye simu inayosoma wateja wanachoandika na kuwajibu kama mtu. Aliishi na mama yake, mwalimu mstaafu mwenye kifua kibovu na ucheshi mzima. Siku ya kwanza Chiriku kufika pale, bibi yule alicheka hadi akatafutiwa dawa.

"Mwanangu," alimwambia Waya akihema, "huyu ukimwacha, mimi nitabaki naye, wewe utafute mama mwingine."

Tatizo lilikuwa jioni. Wakikaa kwenye kibaraza, simu ya Chiriku ilitetema kama mgonjwa wa homa.

"Mpenzi," Waya alilalamika, "kila nikikushika mkono wa kulia, wa kushoto unaandika bei."

"Ishike yote miwili basi, mtundu wangu."

"Utaandika kwa pua. Niache nikuwekee mashine, nipate jioni zangu."

"Itajibu baridi kama karani wa benki! Wateja watanikimbia."

"Tutaifundisha kwa meseji zako mwenyewe. Inasoma ulivyoandika miaka yote, inashika mwendo wako."

Chiriku akafikiri, kisha akatabasamu lile tabasamu la hatari. "Basi ipe na zetu."

"Zetu? Zile za..."

"Zile zile. Ijifunze kubembeleza. Za wateja zimejaa bei tupu."

Waya alicheka, akasita, akazitia. Alikuwa fundi mzuri. Mapenzi yalimfanya fundi mbaya mara moja tu.

Wakamwita Pacha. Utaratibu wake ulikuwa mwepesi: analoliweza analijibu na kuliweka pembeni, kwenye sanduku la Yaliyokwisha, lililomshinda tu ndilo analomletea Chiriku. Namba ya Waya peke yake iliachwa nje. Jioni zikarudi. Walitembea mikono imeshikana, simu imelala kwenye mkoba kama mtoto aliyeshiba.

"Huyo pacha wako ana adabu kuliko wewe," mama yake Chiriku alisema. "Ningejua ningemzaa yeye."

Lakini Pacha hakula, hakulala, hakuumwa kichwa. Wakati Chiriku amelala, yeye anauza. Inasemekana alimuuzia mapazia mtu anayeishi kwenye hema. Oda zikajaa, mafundi wa cherehani wakaongezwa, na kila kilichouzwa na Pacha kilitaka kukatwa, kupimwa na kushonwa na binadamu. Jioni zilizookolewa kwenye simu zikaliwa na cherehani.

Ndipo ikaja oda ya hoteli. Ghorofa juu ya ghorofa, madirisha kama macho ya nyuki. Chiriku alishinda juu ya ngazi, pini midomoni. Simu ikitetema ni Waya: "Umekula?" "Umenisahau?" "Mama anakuulizia." Alitamani kujibu, na mikono haikuwa yake. Siku moja, kwa huruma tupu, akashuka ngazi, akaiingiza na namba ya Waya kwa Pacha.

"Mpaka hoteli iishe tu," alijisemea. "Bora ajibiwe kuliko aone kimya."

Malalamiko yakakoma. Chiriku akafarijika; hata akikuta simu ya Waya iliyokosa kupokelewa, alijua Pacha ameshamjibu. "Ameelewa, mwana wa watu," alimwambia mama yake.

Pazia la mwisho lilipotundikwa, alioga, akavaa gauni la njano, akapiga simu.

"Halo, mtundu wangu! Mbona kimya, umeoa?"

"Chiriku."

"Ndiye. Kwani unao wangapi? Leo niko huru. Njoo unichukue kabla sijabadili mawazo."

"Nilikuwekea kiti."

"Kiti gani?"

"Mazishini. Mbele, karibu yangu. Wazee walisimama, mimi nikawanyima. Nikasema mtu wangu yuko njiani."

Chiriku akacheka kidogo, kama mtu anayengoja utani uishe. "Waya, utani huo mbaya. Mazishi ya nani?"

Sauti ikaja taratibu, sauti ya fundi anayetafuta hitilafu na anaogopa kuipata.

"Unauliza ya nani."

"Waya..."

"Kumbe hukuwa wewe." Akakata.

Chiriku alifungua Yaliyokwisha. Msiba ulikuwemo, katikati ya oda za kamba na pete za mapazia. *Mama ameondoka asubuhi hii. Nimekupigia hupokei. Sijui nishike wapi.* Na jibu, palepale: *Pole, mtundu wangu. Nishike mimi. Lia, usijikaze, nipo.* Waliandikiana siku nzima, mwanaume na mashine. Waya alisimulia jinsi mama yake alivyokufa, akabembelezwa. *Utakuja kumzika?* aliuliza. *Nitakuja. Nitakuachaje peke yako siku hiyo?* Pacha alikuwa amejifunza kwamba Chiriku hamwambii mtu "hapana". Msiba haukumshinda, kwa hiyo hakumletea.

"Nenda, mwanangu," mama yake Chiriku alimwambia. "Nenda kwa miguu yako, na hiyo simu iache hapa."

Alimkuta Waya uani akikunja viti vya kukodi na kuvipanga ukutani. Shati lilikuwa limepigwa pasi pande zote. Alikuwa amekonda.

"Pole, mtundu wangu," Chiriku alisema.

Mabega ya Waya yalishtuka kama mtu aliyeguswa na umeme. "Hilo nilishaambiwa."

"Sikujua. Naapa sikujua. Lia, usijikaze, ni..." Akajisikia anachosema, akaufunika mdomo wake mwenyewe kwa kiganja.

"Malizia," Waya alisema, bila ukali. "Nipo."

"Maneno ni yangu, Waya! Ameyatoa kwangu. Ningekuwapo ningesema hayo hayo."

"Najua. Ndiyo maana yalinituliza. Nililala nimeishika ile simu kifuani. Ningejua ni mashine ningeitupa, nikalia kama watu. Sasa sijui nianze kulia, au nimeshamaliza."

"Nimemzima. Hatajibu mtu tena."

"Na mafundi uliowaajiri wale nini? Mwashe." Alikunja kiti kingine. "Kazi yake ameifanya. Mimi ndiye niliyemtengeneza, na mimi ndiye niliyeshindwa kumtambua."

"Mimi ndiye niliyekukabidhi kwake. Nigombeze basi! Nitukane!"

"Sina hasira, Chiriku. Ningekuwa nayo, ungekuwa na pa kuanzia."

Alitafuta pa kuanzia hata hivyo. Akatafuta neno ambalo hajawahi kuliandika popote, la mteja wala la mpenzi, neno jipya lisilowahi kupita kwenye simu. Mdomo uliouza mapazia ya nyumba zisizojengwa ulifunguka, ukafungwa. Kila neno tamu alilokuwa nalo lilikuwa limeshatumika pale, siku ile ile lilipohitajika, na aliyelitumia hakuwa yeye.

"Ukiniandikia nitajiuliza ni nani," Waya alisema. "Ukinipigia nitakumbuka siku uliyokosa kupokea. Hata sasa hivi unanitazama, na mimi nasikia simu ikitetema mfukoni. Nimejaribu. Tangu ukate kona ile pale najaribu."

Gari la viti likafika, dereva akapiga honi. Chiriku akaokota viti viwili, akavipeleka. Akarudi kuchukua vingine. Walivibeba pamoja, wakipishana mlangoni bila neno, na majirani waliomjua walisimama kutazama, kwa maana tangu ajue kusema hajawahi kuonekana amenyamaza.

Kiti cha mwisho kilipopanda, gari likaondoka na vumbi lake. Waya alijipangusa mikono kwenye suruali, akampa mkono.

"Asante kwa kuja, dada," alisema. Alikuwa ameyasema hayo kwa kila aliyefika kumzika mama yake. Kwa Chiriku aliyasema mwisho, akaingia ndani.