Hodi Kwenye Njia ya Vioo

Haya yalimfika shoga yangu Tamima, wa hapa hapa Ibra, Omani, alipokuwa akisoma Kanada. Mji aliokaa una baridi ya kukata masikio, kwa hivyo majumba yameunganishwa kwa njia za vioo zinazopita juu ya barabara, watu watembee ndani.

Jumapili moja alitoka kununua maziwa. Magharibi imeingia, nusu ya taa zimezimwa, na njia nzima haina mtu. Kila mlango ulifunguka wenyewe mbele yake, naye kwa upweke akawa anapiga hodi, kama bibi yake alivyomfunza, asikie Kiswahili japo chake mwenyewe.

Mara nyuma ya mlango aliokwisha kuupita, sauti ya mwanamke mtu mzima ikasema, “Hodi.”

“Ukafanya nini?” nilimwuliza.

“Wallahi, mdomo ulinitangulia. Nikasema karibu.”

Mlango ukafunguka. Hakuona mtu. Alisikia makubadhi tu, yakija polepole, yakasimama ubavuni pake.

Jana alikuja kwangu. Akapiga hodi, nikamkaribisha, akavua viatu, akaingia peke yake. Mlango sikuweza kuufunga. Makubadhi yalikuwa bado yanapanda ngazi.