Nani Aliuchomoa Waya

Kitendawili! Sema tega, mjukuu wangu, usinitazame tu. Nina mtumishi, kutwa kucha anakula na kulala, kazi hana. Siku mwenye nyumba akianguka, yeye ndiye humbeba mgongoni. Ni nani? Umeshindwa. Mji usinipe, miji yenyewe unayo mingapi wewe. Leo jibu nakupa bure: ni betri ya akiba, lile boksi jeusi zito linalokaa chini ya kompyuta likingoja umeme ukatike. Usicheke ukasema bibi kaingilia mambo ya mafundi. Kuna watu wawili walipendana kwa sababu ya boksi hilo, wakaja wakaachana kwa sababu ya waya wake, mwembamba kama kamba ya kiatu.

Walikutana kwenye kliniki ya macho, Jumatatu asubuhi, siku ambayo ukumbi ule hujaa mpaka watu wakakalia kingo za madirisha. Watoto wanalia, wazee wamefunikwa jicho moja, harufu ya dawa imechanganyika na ya sakafu iliyopigwa deki. Kwenye meza ya mbele alikuwapo mpokezi, msichana mwembamba mwenye sauti ya kengele, kavaa gauni la bluu lenye kola nyeupe, kalamu kaichomeka kwenye nywele. Yeye ndiye aliyepokea wagonjwa, akatunza mafaili yao, akaita namba. Mara akajipenyeza kijana mmoja, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inataka kukata mtu, begi zito begani.

"Samahani, dada, mimi—"

"Foleni, kaka."

"Najua, ila mimi nime—"

"Wote hapa 'wame'. Shika namba yako, arobaini na saba. Kaa benchi lile."

Akakaa. Muuguzi akapita na kichupa chake, akawatia matone wote wa benchi lile, na yeye akiwemo, maana hakupewa nafasi ya kufungua mdomo. Saa mbili zilipopita, namba yake ikaitwa.

"Arobaini na saba! Haya kaka, jicho lipi linakusumbua?"

"Hakuna. Mimi ni fundi, nimekuja kutazama seva yenu."

"Sasa si ungesema!"

"Nilianza kusema. Mara mbili."

Mpokezi akajishika mdomo. "Na matone wamekutia?"

"Wamenitia. Nimekuja kutazama mashine, sasa hata meza siioni."

"Mimi unaniona?"

"Naona ukungu wa bluu unacheka."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Tangu siku hiyo fundi akawa anamwita mpokezi Ukungu, na yeye anaitwa Arobaini na Saba. Ilibidi mpokezi amshike mkono kumwongoza hadi chumba cha mafaili, na huo mkono, kwa jinsi nilivyosimuliwa, ulichelewa kidogo kuachiwa.

Kesho yake macho yakiwa yamefunguka, fundi akaanza kazi. Seva ilikaa kwenye kabati la chuma, ndimo zilimokuwa picha za macho ya wagonjwa na vipimo vyao. Umeme wa mtaa ule ulikuwa na tabia ya mgeni asiyeaga, na kila ulipokatika mashine ilianguka kama gunia. Mpokezi akachuchumaa pembeni yake, kisingizio anatafuta faili.

"Tazama, Ukungu. Umeme ukikatika, betri inaibeba seva dakika ishirini. Zikibaki saba, betri inaiambia kupitia waya huu: mwenzangu nimechoka, funga vitu vyako ulale. Seva inafunga faili moja moja, halafu inajizima yenyewe."

"Kwa nini saba? Si uiache mpaka ya mwisho?"

"Kufunga kunachukua nne. Tatu ni za tahadhari. Betri ikizeeka inadanganya umri. Inasema saba, kumbe inazo nne."

"Kama shangazi yangu."

"Na waya huu usipokuwapo, betri ni bubu. Itaibeba mpaka nguvu ziishe, kisha itaibwaga bila hata kusema pole. Umenisikia? Waya huu hauguswi."

"Nimesikia, baba. Kwani mimi mtoto?"

Fundi akauchomoa umeme ukutani ili ajaribu. Boksi likalia pi, pi, pi. Wakakaa chini sakafuni, migongo ukutani, wakingoja dakika kumi na tatu. Hizo dakika kumi na tatu ndizo zilizowamaliza. Fundi alimwambia alivyolelewa na kaka yake mkubwa. Naye mpokezi akamwambia juu ya mama yake, ambaye macho yalikuwa yakizibwa na mtoto wa jicho, mwaka wa tatu sasa, na kwamba kliniki huwapasua bure wazazi wa wafanyakazi wake, zamu ya mama ni mwezi ujao. Mara taa za seva zikaanza kuzimika, moja, nyingine, nyingine, taratibu kama watoto wanaopandishwa kitandani. Kimya.

"Umeona?" fundi akanong'ona. "Hakuna aliyeigusa."

Mapenzi yakahamia kwenye simu. Asubuhi simu, mchana simu, jioni mama mtu mwenyewe anaitaka simu aongee na mkwe.

"Mwanangu, kitendawili!"

"Tega, mama."

"Nyumba yangu ina madirisha mawili. Mapazia yameshuka, wala sikuyashusha mimi."

"Hayo ni macho yako, mama. Na mapazia yanapandishwa mwezi ujao. Ukiyafungua tu, wa kwanza kumwona awe mimi."

"Sauti nzuri hivyo, lazima una sura mbaya. Mungu hatoi vyote!"

Mpokezi akanyang'anya simu huku akicheka machozi.

Sasa sikiliza kosa lilipoingia. Alhamisi moja, simu ya mpokezi ilikuwa inakata roho, na kichwa cha chaja kimeungua, amebaki na waya mtupu. Fundi alikuwa amemwambia: saa tano nitakupigia, nina neno kubwa. Akaingia chumba cha mafaili. Kwenye seva matundu yote yamejaa waya. Akautazama ule mwembamba. Alijua. Akajisemea, dakika kumi tu, nitaurudisha. Akauchomoa, akaulaza vizuri juu ya rafu, akachomeka simu yake mahali pake. Saa tano kamili simu ikaita. Akaikwanyua, akatoka nayo mbio hadi uani.

"Ukungu wangu."

"Sema hilo neno, moyo unanidunda."

"Jumapili kaka yangu anataka kuja kumwona mama yako. Unajua anakuja kwa nini?"

"Sijui. Niambie."

"Mwongo wewe! Unajua."

Alirudi mezani anaelea. Waya ukabaki kwenye rafu.

Ijumaa saa tisa alasiri umeme ukakatika. Betri ikalia, ikaibeba seva dakika ishirini bila kusema neno, ikaibwaga. Waliporudishiwa umeme, faili la vipimo lilikuwa limeharibika katikati, na nakala iliyokuwapo ilikuwa ya wiki mbili nyuma. Watu sitini na tatu, wengine wametoka mbali wakishikwa mikono, ilibidi waitwe upya. Waliokuwa wapasuliwe wiki ile wakaahirishwa.

Daktari mkuu, mama wa makamo asiyependa maneno mengi, akawakusanya wote ukumbini. "Fundi, ulituambia itajizima yenyewe."

"Niliipanga ijizime, Daktari, na niliijaribu. Lakini waya wa betri nimeukuta juu ya rafu." Akauinua wote wauone. "Nani aliuchomoa?"

Muuguzi akamtazama mfagiaji, mfagiaji akatazama dari. Mpokezi akatazama viatu vyake. Akiri afukuzwe leo, mama apasuliwe na nani? Siku tisa tu zimebaki.

Fundi aliwatazama mmoja mmoja, mpokezi akiwa wa mwisho, tena kwa muda. Kisha akafunga kompyuta yake ndogo. "Basi. Kazi ni yangu, kosa ni langu."

Wakamwandikia barua ya kumwachisha kazi, imeandikwa uzembe.

Jioni ile fundi alimpigia mpokezi mara sita. Ya saba akapokea.

"Mbona hukujitetea?" mpokezi akauliza, sauti ndogo.

"Nilijitetea. Niliuliza swali."

"Labda ni panya."

"Panya hachomoi waya akaulaza vizuri kwenye rafu, mpenzi."

"Sasa mimi nitajuaje?"

"Ukungu, una neno la kuniambia? Lolote. Mimi nipo, nasikiliza."

Mjukuu wangu, mlango ulikuwa wazi pale, tena umeegemezwa kiti usijifunge. Lakini mtu mwenye hofu hata mlango wazi huuona ukuta.

"Chaji inaisha," akasema, akakata.

Jumapili kaka mtu hakuja. Hakuna aliyeulizia.

Mama akapasuliwa siku yake ilipofika, na bandeji ikafunguliwa asubuhi, dirisha liko wazi. Akautazama mkono wake, mbele na nyuma. Akamtazama binti yake, akalia, akasema amekonda. Kisha akageuza shingo kuangaza chumba kizima.

"Yuko wapi yule mwenye sura mbaya?"

"Hayupo, mama."

"Si alisema awe wa kwanza?"

"Amesafiri."

"Uongo huo ungenidanganya nao juzi," mama akasema polepole. "Leo nakuona uso."

Mpokezi akatoka akaenda kulia chooni, bomba kalifungulia maji lipige kelele.

Miezi minne ikapita. Aliita namba, lakini ile kengele ya sauti ilikuwa imepasuka. Ikifika arobaini na saba, alikuwa anaisema haraka kama anayekanyaga makaa. Simu ya fundi hakuipiga tena. Aliamini kijana amemwacha kwa aibu ya kufukuzwa, na kwamba kama angalikuwa anampenda kweli, angalirudi bila kuuliza. Moyo wenye kosa ni hodari wa kumpata mkosaji mwingine.

Jumatatu moja, ukumbi umefurika, akainua macho akamwona fundi anaingia. Shati lile lile, sasa linamzidi mwili. Hakukaa benchi. Alikuja hadi mezani.

"Habari za kazi, dada."

Dada! Ingekuwa afadhali amtukane.

"Nzuri," akajibu. "Karibu."

"Nina ahadi na Daktari."

Daktari alikuwa tayari anakuja, miwani kichwani, na hakumkaribisha ofisini. "Nimepata ujumbe wako. Hospitali kubwa wanakutaka, ila wanataka barua kutoka kwangu. Sasa niandike nini? Kwamba mashine ilianguka mikononi mwako na watu sitini na tatu wakateseka?"

"Andika ukweli tu, Daktari. Kwamba niliuliza swali na halikujibiwa."

"Swali si jibu, kijana. Au ulikuwa unamjua aliyeuchomoa?"

Watu wa foleni wakageuza shingo. Hata mtoto aliyekuwa analia alimeza kilio aone.

"Seva huandika kila kitu," fundi akasema. "Kikichomolewa kitu, inaandika saa na dakika. Na kilichochomekwa mahali pake, inakiandika pia, ni simu ya aina gani na ya nani. Nilisoma siku ile ile, kabla hatujakusanyika."

Kalamu ya mpokezi ikasimama katikati ya jina la mtu. Kumbe fundi alijua. Alijua pale ukumbini, alijua kwenye simu, alijua alipoambiwa habari za panya. Na alikaa upande wa pili wa simu akisubiri.

"Kwa nini hukumtaja?" Daktari akauliza.

"Ningemtaja, ningekuwa nimemshitaki. Nilitaka aseme mwenyewe. Mengine yote tungeyabeba wawili."

"Basi mtaje sasa, nikuandikie barua yako."

"Hapana, Daktari." Akalipandisha begi begani. "Nisamehe kwa kukupotezea muda." Akageuka, watu wakaanza kumpisha njia kuelekea mlangoni, mabega yao yakimfunika.

Mpokezi akasimama. Kiti kikaanguka nyuma yake, wala hakukiokota. Ile sauti ya kengele, iliyokuwa imepotea miezi minne, ikapasua ukumbi mzima.

"Mimi!" akasema. "Niliuchomoa mimi."