Doa kwenye Kola ya Mlinzi

Palikuwa na mwanamke dobi, tena dobi hasa. Alifulia watu nguo uani, nyuma ya vyumba viwili alivyopanga na mumewe. Asubuhi beseni, mchana kamba, jioni pasi. Ukimletea shati lenye doa, atalitazama tu na kukwambia ulikula nini na ulikaa wapi. Hakuwa mchawi. Madoa ndiyo yaliyomlisha.

"Damu inataka maji baridi na chumvi," alipenda kusema. "Ukiitia maji ya moto, umeipika humo humo. Lipstiki inataka spiriti. Kutu inataka limau na jua."

Asubuhi hiyo alikuwa anafua sare ya mumewe. Mumewe alikuwa mlinzi wa ghala. Sare yenyewe ilikuwa suruali, kofia na shati la kijivu. Dobi alichukua shati, akageuza kola ili aisugue. Mkono ukasimama hapo hapo.

Nyuma ya kola palikuwa na doa. Jekundu!

"He!" alisema.

"Kuna nini tena?" aliuliza mpiga pasi. Huyu alikuwa jirani na shoga yake. Dobi alifua, yeye akapiga pasi.

"Hebu njoo uone."

Mpiga pasi alikuja, akainama, akatazama. Akaguna. Ule mguno wa mtu mwenye maneno mengi anayejifanya hana hata moja.

"Sema basi!"

"Mimi sisemi kitu. Lakini shoga yangu, nyuma ya kola si mahali pa kumwagikia mchuzi."

Moyo wa dobi ulifanya pu! Hata hivyo alijikaza kisabuni. Alitia maji baridi na chumvi. Doa halikutikisika. Basi si damu. Akatia spiriti, akasugua kwa kidole. Doa lilibaki linamtazama. Basi si lipstiki. Akakamua limau. Wapi! Rangi ilikuwa imeshika uzi, kama imezaliwa nao.

Mwingine angefurahi kwamba si lipstiki. Dobi hakufurahi hata kidogo. Alikuwa hajawahi kushindwa kulitambua doa. Kama hili halijulikani, basi huko linakotoka nako hakujulikani. Alianza kumchunguza mumewe kama mtu anayechambua mchele.

Na ukichambua, utapata. Kwanza ilikuwa kofia. Mumewe alirudi kutoka kazini na kofia kichwani. Akala na kofia. Akapanda kitandani na kofia!

"Wewe bwana," dobi alimwambia, "hiyo kofia imeota mizizi?"

"Kichwa kinapata baridi."

"Baridi! Sisi wengine tunajipepea kwa mfuniko wa sufuria, wewe unapata baridi?"

"Basi tu, mke wangu. Lala."

Halafu taulo moja ya zamani ikapotea. Halafu mume akaanza kukaa bafuni mpaka maji ya chai yanakauka jikoni. Siku moja alipotoka, bafu lilinuka kitu kikali, si sabuni, si dawa ya choo. Dobi alinusa. Si bure, alijiambia. Huyu mtu ana lake jambo.

Kisha akaona kwa macho yake. Alikuwa anaanika mashuka upande wa barabarani. Ng'ambo palikuwa na chumba cha msusi, mwanamke aliyesuka na kutengeneza nywele za mtaa mzima. Hakuwa na mume. Alijua kucheka na kila mtu. Mlango wa msusi ulifunguka, na aliyetoka alikuwa mlinzi mwenyewe. Alitazama kulia, akatazama kushoto, akaficha kitu ndani ya shati. Akashika njia.

Dobi alibana shuka mpaka kibanio kikavunjika. Mumewe alipoingia ndani, alimuuliza kwa sauti laini, "Umetoka wapi?"

"Kazini, moja kwa moja."

Uongo! Mchana kweupe! Dobi alimeza mate machungu. Hakugombana naye, maana alitaka kumshika na ushahidi. Alikuwa na woga mmoja tu, na woga huo ulimnyima hata hamu ya kula. Je, nyumba yake inavunjika?

Siku ya mapumziko ya mumewe ikafika. Dobi alijitwika furushi la nguo, akaaga kwa sauti ili asikike. "Mimi napeleka nguo za watu. Nitachelewa!" Akaenda mpaka kona, akaliacha furushi kwa mpiga pasi, akarudi kwa kunyata.

Mlango wa bafu ulikuwa umefungwa kwa ndani. Ile harufu kali ilitapakaa mpaka ukumbini. Humo ndani mtu alikuwa anahema.

Dobi aligonga kwa ngumi. "Fungua! Uko na nani humo?"

"Niko peke yangu!"

"Usinifanye mtoto! Fungua!"

Komeo lilivutwa. Mlango ukafunguka. Dobi alikuwa amepanga maneno yake yote ya kumwambia, moja baada ya jingine, na yote akayasahau.

Mumewe alisimama na nywele zimepakwa uji mzito wa rangi nyekundu. Michirizi ilimshuka shingoni. Masikio yalikuwa yamewiva. Kope zilikuwa zimevimba, jicho moja linakaribia kufumba.

"Kichwa kinaungua," alisema. "Mke wangu, kinaniwasha kama pilipili."

Hasira ilimruka dobi, ikaingia hofu. Alipiga ukelele. Wa kwanza kufika mbio alikuwa msusi wa ng'ambo, na kitana bado kimo mkononi.

"Wewe!" dobi alimwambia. "Wewe ndiye uliye—"

"Utanitukana baadaye, dada. Leta maji! Baba, inamisha kichwa mbele, fumba macho. Tusiache rangi iingie machoni."

Walimmwagia maji mengi, ndoo baada ya ndoo, mpaka maji yakatoka safi. Msusi alimwangalia usoni.

"Unapumua vizuri? Koo halibani?"

"Koo halibani. Lakini midomo naisikia mizito."

"Basi hapa hatukai. Uso ukianza kuvimba, haungojwi nyumbani. Na pakiti ya hiyo rangi iko wapi? Tuichukue, daktari aione."

Pakiti ilikuwa nyuma ya ndoo. Iliandikwa "Hina Nyekundu ya Dakika Kumi." Walisimamisha gari la kwanza lililopita, wakaenda kituo cha afya.

Daktari alimchoma sindano, akampa vidonge. Akasema wangoje pale, amtazame tena kabla ya kumruhusu. Mlinzi alilala kitandani, kitambaa chenye maji baridi machoni. Dobi na msusi walikaa kando yake. Dobi hakuweza kuvumilia.

"Sasa niambieni. Nilimwona akitoka kwako. Alificha kitu kwenye shati. Akaniambia katoka kazini. Nieleweje?"

Msusi alimtazama, kisha akaangua kicheko. "Ndiyo maana siku hizi salamu zangu huitikii! Dada, mumeo alikuja kuniuliza habari za mvi. Anataka nywele za rangi nyekundu ya kahawia, ile iliyokolea. Nikampa hina ya majani, basi. Siku uliyomwona alikuja kuchukua nyingine, na hiyo ndiyo aliyoificha."

"Mvi?" Dobi alimgeukia mumewe. "Kumbe lile doa la kola ni hina?"

"Ni hina," mlinzi alijibu chini ya kitambaa. "Nilipaka kisogoni kwanza, nijaribu. Ikatoka rangi ya karoti! Ndiyo maana sikuvua kofia. Ningeonekanaje mbele za watu? Na ile taulo iliharibika, nikaitupa."

Msusi alipiga mapaja yake. "Si nilikwambia usiogope? Mvi haina rangi yake, kwa hiyo hina huishika kwa nguvu. Siku ya kwanza inang'aa kama karoti. Siku mbili tatu zinazofuata inakolea yenyewe. Wewe ukakosa subira."

"Nikamwona mchuuzi barabarani. Akasema yake ni hina vilevile, lakini ya dakika kumi. Wiki iliyopita nikaipaka kisogoni, haikunidhuru. Leo nikapaka kichwa kizima."

"Na hapo ndipo wengi wanapoumia," alisema msusi. "Hina ni majani yaliyokaushwa na kusagwa. Unga wake ni wa kijani, unanukia majani. Huloweshwa kwa maji ya uvuguvugu, hukaa kichwani saa nyingi. Haina haraka. Ukiona unga mweusi, au unanuka vikali, au unaambiwa dakika kumi, ujue umetiwa dawa ya kupaka rangi. Na hina ya majani peke yake haitoi rangi nyeusi kamwe. Anayekuuzia hina nyeusi amechanganya."

"Lakini mara ya kwanza haikumfanya kitu," dobi alisema. Alikuwa bado anatafuta penye uongo.

Daktari alikuwa amerudi, pakiti mkononi. Ndiye aliyejibu. "Mwili unaweza kuvumilia dawa hizi leo, ukazikataa kesho. Na ukishazikataa, kila mara inaweza kuwa mbaya zaidi. Mzee, rangi za dawa basi, hata ziwe za bei gani. Pakiti hii haisemi hata ndani mna nini. Hiyo peke yake ilitosha kukutia shaka."

"Na hina ya majani?" mlinzi aliuliza kwa sauti ndogo.

"Subiri ngozi ipone kabisa. Uje nikuangalie. Nikikuruhusu, kila utakapotaka kupaka, weka kidogo kwanza ndani ya kiwiko. Ngoja siku mbili. Pakiwasha, pakivimba, pakitoka vipele, acha."

Alipoondoka, dobi alishusha pumzi. Nyumba yake haivunjiki. Alitaka kucheka, lakini bado palikuwa na kitu kimoja kinamkera.

"Jambo la mvi tu, ndilo la kunificha? Nani kakwambia mvi zako zinanisumbua?"

Mlinzi aliinua kitambaa machoni. Msusi akaona hapo si mahali pake. Akasema anakwenda kunywa maji, akatoka.

"Wewe," mlinzi alisema.

"Mimi? Lini?"

"Unamkumbuka yule mteja wa mashuka, wa nyumba ya ghorofa? Tulikwenda wote, mimi nimebeba furushi. Akakuuliza, 'Huyu baba yako?' Ukacheka. Ukasema, 'Eeh, mzee wangu.' Nilikuwa nyuma yako, mke wangu. Nilisikia."

Dobi alikumbuka. Siku ile alikuwa na haraka, na mteja alikuwa na maswali mengi. Aliona aibu kidogo kusema mume ni huyu mwenye kichwa cheupe. Akakata maneno. Alidhani limepita. Kumbe mwenzake alilibeba mpaka nyumbani, akalala nalo na kofia juu.

Aibu ilimshika. Kwa siku zote hizo alikuwa anasugua kola akitafuta ubaya wa mumewe. Machozi yalimtoka, akayafuta kwa kanga.

"Nisamehe," alisema. "Nilikosa."

"Yameisha. Lakini usinicheke karoti yangu."

"Ya karoti nitacheka," alisema dobi, na wakacheka wote wawili, yeye kwa machozi, mumewe kwa midomo iliyovimba.

Uvimbe ulishuka. Vipele vilikauka, ngozi ikapona. Daktari alimtazama, akamruhusu. Msusi akaja uani na unga wa kijani. Safari hii dobi mwenyewe alishika pakiti, akaifungua, akanusa, akasugua unga kwenye kiganja. Hakumwamini mtu.

"Unanukia majani," alikubali.

Waliuweka kidogo ndani ya kiwiko cha mlinzi. Siku mbili zikapita. Kila mara dobi aliita, "Lete mkono nione!" Hapakuwasha, hapakuvimba. Ndipo wakaanza kazi. Dobi alivaa glavu. Alimpaka mumewe mafuta ya mgando kwenye paji la uso na masikioni, ngozi isishike rangi. Shati alimvalisha kuukuu. Alipaka hina kwenye nywele tu, si kwenye nyusi, wala karibu na macho.

"Mimi kazi yangu ni kuondoa rangi," alisema. "Leo naiweka kwa mikono yangu."

"Na ukipaka vibaya, huna wa kumlaumu," alisema mpiga pasi kutoka mezani kwake.

Walipoosha, ilikuwa karoti tupu. Hakuna aliyeogopa. Siku ya tatu nywele zilikuwa zimekolea. Penye mvi palikuwa na rangi nyekundu ya kahawia. Penye nywele nyeusi palibaki peusi, pana wekundu kidogo juani. Ilimpendeza! Hata dobi alimtazama mara ya pili.

Siku ya kupeleka mashuka ilipofika, walikwenda pamoja. Mteja wa ghorofani alifungua mlango. Akamtazama mlinzi, akamtazama dobi.

"Leo umekuja na kaka yako? Na yule mzee, baba yako, hajambo?"

Dobi alihisi mumewe amesimama nyuma yake.

"Sina kaka hapa," alisema. "Na yule hakuwa baba yangu. Ni huyu huyu. Ni mume wangu. Siku ile uliniuliza nikaona haya kusema, na haya yenyewe ilikuwa ya kijinga. Alikuwa mume wangu na mvi zake, na ni mume wangu leo."

Mteja aliyapokea mashuka. "Samahani, jamani."

"Si kosa lako. Kosa lilikuwa langu."

Waliteremka ngazi. Barabarani, mbele za watu, mlinzi alimshika mkewe mkono. Alikuwa hajafanya hivyo tangu walipooana. Dobi hakuuachia mpaka wakafika nyumbani.