Utepe wa Njano

Katika karakana moja ya mablanketi ya watoto, nje kidogo ya mji wa Nam Dinh, hakuna aliyejua kuzungushia utepe kama Thoa. Kwa miaka kumi na miwili alikalia cherehani namba saba, ile yenye kikunjio mbele ya sindano. Kikunjio ni kipande cha chuma kilichojiviringa kama gamba la konokono. Utepe huingia ukiwa bapa, ukatoka umekunjwa na kuumeza ukingo wa kitambaa, na sindano ikashona pande zote mbili kwa mpigo mmoja. Mshonaji hulisha ukingo tu. Thoa alifundishwa hayo na mama yake, aliyekuwa amekikalia kiti hicho hicho kabla yake.

"Usivute," mama alikuwa akimwambia, mdomo umejaa tambuu. "Ukivuta, unajikunyata. Utepe unaijua njia."

Mama alifariki Jumatatu alfajiri. Mazishi yakapangwa kesho yake jioni, na msimamizi akamruhusu Thoa ashone nguo za msiba za ukoo mzima mchana wa siku hiyo, wenzake wakiwa wamelala. Karakana hiyo hulala baada ya chakula. Taa huzimwa, watu wakatandika maboksi chini ya cherehani zao na kujinyoosha saa nzima.

Nguo ya msiba ni shashi nyeupe, na haipindwi. Ukingo huachwa wazi, nyuzi zining'inie na kudondoka zenyewe siku baada ya siku, kwa kuwa majonzi hutoka kupitia hapo. Thoa alilijua hilo tangu utotoni. Alishona mashati matatu ya kaka zake na vitambaa vya kichwa vya wajukuu, kingo zote wazi. Shati lake mwenyewe likawa la mwisho. Mikono ilikuwa ikienda, akili iko mbali. Alipokata uzi ndipo alipotazama.

Pindo lote lilikuwa limezungushiwa utepe wa njano, ule wa oda ya wiki hiyo. Ulikuwa umenyooka, hauna hata mkunyato mmoja.

Nje, kaka yake alikuwa akipiga honi ya pikipiki. Thoa alilikunjia pindo ndani, akavaa.

Kaburini, katikati ya mashamba ya mpunga, kila mtu alilia isipokuwa yeye. Alijaribu. Aliifikiria mikono ya mama, akaifikiria sauti yake. Ilikuwa kama kuuma mdomo uliopigwa sindano ya ganzi. Mama mkubwa Nhan, dada wa marehemu, alimsogelea, akalifunua pindo, akaliangalia, akaliachia.

"Umemziba mama yako ndani," alinong'ona.

"Nitalifumua, mama mkubwa."

"Lifumue kabla ya siku ya mia. Siku hiyo kilio kinafungwa. Aliye ndani atabaki ndani, na wewe hutalia tena maisha yako yote."

Jioni ile alilifumua. Asubuhi alilikuta limeshonwa. Alifumua mara sita, na mara sita likashonwa. Akalikunja, akaliweka sandukuni, akarudi kazini.

"Dada Thoa, wewe hata kitunguu hakikulizi," alimtania Khuyen wa cherehani namba nane. "Nikifa mimi si utaniletea utepe?"

"Nitakuletea wa bluu. Wa njano umekwisha."

Khuyen alicheka. Thoa alicheka pia, kwa sababu mwenzake alikuwa anacheka.

Siku ya arobaini na tatu, mchana, Thoa alikuwa amelala chini ya namba saba. Alisikia mashine ikienda kidogo, ikanyamaza. Ikaenda tena, ikanyamaza.

Alifumbua macho.

Juu ya kanyagio palikuwa na miguu miwili, mitupu, visigino vimepasuka. Katikati ya vidole kulikuwa na tope bichi la shamba. Hewa ilinuka tambuu. Vipande vya uzi vilikuwa vinamdondokea usoni, kimoja kimoja.

Taa zilipowashwa hapakuwa na mtu kitini. Chini ya sindano kulikuwa na blanketi la oda mpya. Upande mmoja utepe wa bluu, upande wa pili wa njano.

"Wa njano umeutoa wapi wewe?" aliuliza msimamizi. "Stoo haupo tangu mwezi uliopita."

"Sijui, kaka."

Hakuogopa. Alikaa akaendelea kushona.

Tangu hapo miguu ilikuja kila mchana. Kwanza kilizungushiwa kitambaa chake cha kujifutia jasho. Kisha mfuko wa chakula. Kisha pindo la suruali aliyokuwa amelala nayo. Kisha mkono wa blauzi. Kisha kola.

Utepe ulikuwa unapanda.

Siku ya tisini na tisa alikuja na shati la msiba na mkasi. Taa zilizimwa. Khuyen alianza kukoroma. Thoa alilala chali, akangoja.

Miguu ilikuja. Tope lilikuwa bado bichi.

"Mama," alinong'ona. "Nilikosea."

Mashine ilinyamaza.

"Leta ukingo," sauti ilisema juu ya meza. Ilikuwa sauti ya mdomo uliojaa.

Safari hii hakufumua. Alikata. Mkasi ulipita vidole viwili juu ya mshono, ukazunguka shati lote, na pindo likaanguka kifuani pake na utepe wake. Aliinyoosha shashi juu, ukingo wazi, nyuzi zikining'inia.

Kitu kiliipokea. Kilipapasa ukingo taratibu, inchi kwa inchi, kama mtu anayekagua kazi. Kisha shati likamwangukia usoni.

Miguu ilishuka kwenye kanyagio. Ikaelekea mlangoni. Haikurudi.

Taa ziliwaka. Khuyen aliinama, akamtazama.

"Dada, una uzi jichoni."

Ulichungulia kwenye pembe ya jicho la kushoto. Wa njano. Khuyen aliushika kwa kucha.

"Usivute," alisema Thoa.

Alichelewa. Uzi ulitoka bila maumivu, ukaja, ukaja, ukafika urefu wa mkono. Na jicho la kushoto likalia. Lililia mchana kutwa. Kesho yake, siku ya mia, lililia mbele ya ubani na picha ya mama, hadi kaka zake wakanyamaza kumtazama.

Jicho la kulia lilikuwa kavu.

Ni kavu hadi leo. Daktari wa macho alilimulika, akakuta kwenye ukingo wa kope ya chini mstari wa matundu madogo sana, yamepangana sawasawa. Aliitafuta ncha ya uzi kwa muda mrefu. Hakuiona. Aliyeshona upande huo alikuwa amerudisha mshono mwishoni, kama afanyavyo fundi mzuri, kazi isifumuke.