Supu ya Skrini ya Tatu

"Mtego uko tayari?"

Sauti ya Kaka ilimfikia Nyuki kupitia kidude cha sikioni kisichozidi punje ya mahindi. Nyuki alikuwa juu ya ngazi, bisibisi mkononi, mbele ya skrini tatu za menyu alizozifunga mwenyewe juu ya kaunta ya mgahawa. Chini ya ovaroli la ufundi, bastola ya Glock ilimbana mbavu.

"Tayari, Kaka. Supu ya samaki ipo."

Kwa wateja, supu ya samaki ni chakula. Kwa genge lile la magendo ilikuwa ruhusa. Ikionekana kwenye skrini ya tatu, mbebaji anaingia na mzigo. Ikiandikwa IMEKWISHA, anageuka mlangoni na hamumuoni tena. Aliyekuwa akiibadilisha kwa simu ni meneja, na meneja alikuwa amekamatwa asubuhi kimyakimya, simu yake imezimwa mfukoni mwa Nyuki.

Zilibaki simu mbili zenye uwezo wa kugusa menyu ile.

Ya Nyuki. Na ya Kaka, mkuu wake wa kazi huko polisi na ndugu yake wa tumbo moja, aliyemlea tangu mama yao afariki. Nyuki ndiye aliyemuunganisha, jana, bila kuuliza anaitakia nini. Kaka ni kaka bwana, utamnyima nini?

"Namwona," Nyuki alinong'ona. "Anavuka barabara. Begi la gita."

Ndani ya begi lile hapakuwa na gita. Palikuwa na viwashio vya mabomu, na mtaa ule ulikuwa na shule mbili.

Skrini ya tatu ikapepesa.

SUPU YA SAMAKI: IMEKWISHA.

Nyuki alizima maikrofoni iliyofichwa kwenye kola yake.

"Mpishi, nani kasema supu imekwisha?"

"Imekwisha wapi? Labda huko kwenye televisheni yako, fundi. Huku kwangu utaogelea!"

Nyuki alitamani iwe hitilafu. Aliiomba iwe hitilafu. Lakini mitambo ile aliifunga yeye, na ilikuwa mizima kabisa.

Mbebaji alishashika kitasa. Macho chini, anafuta viatu.

Nyuki akachomoa waya wa intaneti.

Mafundi wa menyu hizi wana desturi moja: nakala ya menyu ya asubuhi huwekwa kwenye kisanduku nyuma ya skrini, ili mtandao ukikatika wateja wasikodolee kioo cheusi. Kaka hakulijua hilo. Alijua kutoa amri tu.

Skrini ikazimika. Ikawaka.

SUPU YA SAMAKI.

Mbebaji akainua macho, akasoma, akaingia.

Nyuki alishuka ngazi kwa mruko mmoja. Goti tumboni. Kiwiko shingoni. Begi akalidaka kabla halijagusa sakafu, pingu zikalia.

"Fundi gani huyu jamani!" keshia alipiga ukelele chini ya kaunta.

Nyuki akawasha maikrofoni.

"Nimempata."

Sauti ya Kaka ilikuja, kavu.

"Umempataje? Si supu imekwisha?"

Kaka alikuwa ndani ya gari, nyuma ya benki. Skrini haionekani kutoka kule.

"Nani kakwambia, Kaka?"

Tumaini dogo alilokuwa amelishikilia likamponyoka pale pale.

"Vijana wote," Nyuki aliwaambia askari wenzake waliokuwa wakisikiliza. "Gari la amri, nyuma ya benki. Mkamateni aliyemo."

"La mkuu?" mmoja aliuliza.

"La kaka yangu."

"Mdogo wangu," Kaka alisema polepole, "mimi ndiye niliyekulea."

"Ndiyo maana inauma."

Akakichomoa kidude sikioni na kukitupa kwenye pipa la taka. Vijana walipomchukua mbebaji, alipanda ngazi, akarudisha waya. Intaneti ikarudi, na amri ya kaka yake ikarudi nayo.

IMEKWISHA.

"Fundi, rekebisha basi!" mpishi alilalamika, mwiko juu. "Sufuria imejaa!"

"Atakuja fundi mwingine."

Akafunga boksi la vifaa, akakunja ngazi, akatoka nayo begani. Macho yalikuwa yanamwasha, lakini hakuyafuta mpaka alipokata kona.