Chupa ya Ukwaju Iliyoninyima Kumuoza Binti Yangu

Mimi ni mwanamume wa miaka arobaini na saba, mzaliwa wa Mkomani, hapa Lamu. Shule niliiacha darasa la nne, lakini waulizeni watu wa gatini ni nani aliyewafundisha wengine kazi ya kutembeza wageni. Watawatajia mimi, Bakari! Kiingereza nilikiokota pale pale gatini, Kitaliano nikakiokota, na nyumba ya ghorofa nikaijenga bila kumpigia mtu magoti. Nawaeleza haya ili mjue aliyeanguka alikuwa amesimama wapi...

Wenzangu walionyesha ngome na milango ya nakshi, basi, wageni wakapiga miayo. Mimi nilikaa nikafikiri. Mzungu akitembea juani huona kiu, na kiu yake si ya maji. Mji wetu ni wa misikiti; pahali pa kunywea ni pachache, tena pamejificha. Nani angepajua kama si mimi? Nikaunda matembezi yangu. Tunaanzia ngomeni, tunapenya vichochoro vya Mkomani, tunapanda dari la nyumba ya wageni inayouza bia. Tunashuka, tunatazama mlango mwingine, tunaingia kilabu cha pili. Mwisho tunavuka kwa mashua hadi Ras Kitau kumalizia. Wageni walinipenda!

Sasa sikilizeni akili yangu, ambayo leo naiita ujinga. Pombe sijawahi kuionja, wallahi. Lakini niligundua kwamba mgeni hafurahi kunywa huku kiongozi wake anamtazama kama askari. Basi nikawa natembea na chupa yangu ya bia iliyooshwa ikajazwa maji ya ukwaju. Wakinyanyua, nanyanyua. Wakigonganisha, nagonga. Wakicheka, nacheka kuwashinda.

Ukwaju huo aliupika mke wa mdogo wangu, Twalibu, na Twalibu mwenyewe ndiye aliyenijazia chupa. Nje ya nyumba zetu mbili, hakuna aliyeijua siri hiyo.

Wazee walioketi kwenye madaka, yale mabaraza ya mawe milangoni, waliniona nikipita. Mmoja wao alipenda kunitania, "Bwana Bakari, leo wawapeleka wapi hawa wenye kiu?" Nami nikamjibu kwamba kiu ni yao, faida ni yangu. Wakacheka. Nikadhani kicheko kile ni heshima...

Mke wangu, Bi Rukia, alinisihi niache. Alisema watu hawaonji kilichomo ndani, wanaiona chupa tu. Nikamwambia mimi sihitaji mtu wa kunisemea. Neno hilo nililipenda mno! Twalibu naye aliponishauri vivyo hivyo, nilimrudishia neno lile lile mbele za watu madakani. Nikaongeza kwamba yeye amesoma mpaka kidato cha nne, na bado anakula kwa jasho la mtu wa darasa la nne. Watu wakaangua kicheko. Mdogo wangu akatazama viatu vyake.

Mwanangu ni mmoja tu, Nuru. Aliposwa na kijana wa watu, watu wa dini na utulivu wao. Nilifurahi, acheni! Baba ana siku yake moja tu kwa binti: siku anapoushika mkono wa mkwe msikitini na kutamka kwa kinywa chake, "Nimekuoza binti yangu." Maneno hayo niliyafanyia mazoezi mbele ya kioo. Mimi nisiye na elimu sikutaka nikosee hata herufi.

Siku ikafika. Baada ya sala ya alasiri msikiti ulijaa. Nikaketi mbele ya mkwe wangu, magoti yetu yakigusana, kanzu yangu mpya inanukia udi. Nikaunyoosha mkono...

Hapo ami yake bwana harusi akamwinamia mwalimu aliyesimamia nikahi na kumnong'oneza. Mwalimu akanitazama kwa huruma. Akanieleza kwa upole kwamba wenzetu wana shaka. Walii, yaani mwenye haki ya kumuoza binti, hafai kuwa mlevi, alisema. Akiwa mlevi, haki ya kuoza humtoka na kumwendea anayemfuatia. Nao wameniona kwa mato yao, si mara moja, nikinywa njiani na wageni.

Niliapa. Nikaeleza habari ya ukwaju. Jamani, hata masikioni mwangu mwenyewe ilisikika kama hadithi ya mlevi! Mtu mmoja nyuma akacheka puani. Nikamgeukia Twalibu, aliyeketi ubavuni kwangu, na mwalimu naye akamgeukia.

"Twalibu, wewe ndiwe nduguye. Wajua nini?"

Mdogo wangu aliutazama mkeka. Kisha akasema polepole, "Mwalimu, mimi siyui niseme nini. Kaka hahitaji mtu wa kumsemea."

Basi... nikachinjwa bila kisu!

Baba yetu ameshafariki, mtoto wa kiume sina, kwa hivyo anayenifuatia ni yeye. Nikaombwa nisogee. Nikasogea. Twalibu akaketi pahali pangu, pakiwa bado na joto langu, akaushika mkono wa mkwe wangu na kuyatamka maneno yangu. Tena akayakosea, akarudia! Mimi ningeyasema sawasawa...

Ningefanya nini? Nigombe? Niivunje nikahi ya mwanangu? Nilipokea halua na kahawa pamoja na walioalikwa, kama mpita njia.

Baadaye mke wa Twalibu alikuja kwetu akilia, akitaka kwenda kuwaambia watu ukweli. Aende wapi? Nikahi ilikwishasomwa.

Lakini hilo silo lililoniuma zaidi. Idi iliyofuata, Nuru alikuja kunipa mkono. Akangoja mama yake aingie jikoni.

"Baba," aliniuliza, mato yake yakitazama chini, "ulikuwa ukwaju siku zote?"

Mwanangu! Aliyekunywa mabaki ya chupa ile utotoni mwake! Nikamwambia ndiyo, siku zote.

"Haya, baba," akasema, akaubusu mkono wangu.

Ile "haya" naijua. Ndiyo niliyokuwa nikiwaambia wageni walioniapia kwamba hawajalewa.

Wasomaji wenzangu, msishike mkononi msichokinywa, mkidhani watu watakuja kuonja. Na ukiwa na ndugu anayeujua ukweli wako, nakusihi usimdhalilishe barazani. Siku utakapouhitaji ukweli huo, utakuwa kinywani mwake...